Mdomo Usiokauka

Wiki tatu zilipita, na mdomo uliochorwa kwenye ile picha ya sebuleni ulikuwa bado mbichi. Fundi Saa aliugusa kwa kidole, akakinusa, akakunja uso. Ulinuka kama kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahauliwa chini ya sinki.

"Rangi ya bei rahisi hiyo," alisema mkewe akipita na kikapu cha nguo. "Kama mwalimu anayeitumia."

Fundi Saa akacheka. Uchoraji haukuwahi kumlisha. Kilichomlisha ni saa za watu. Lakini kila Jumamosi mchana alisukuma makochi ya sebuleni pembeni, akatandika magazeti sakafuni na kuwafundisha majirani kuchora, bure kabisa, kwa ujasiri wa mtu asiyejua asichokijua. Farasi wake aliwahi kusifiwa sana na wageni, waliodhani ni mbuzi.

Rangi ile hakuinunua. Aliikuta ndani ya saa kuukuu ya ukutani ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua: kichupa kilichozibwa kwa nta, chenye wekundu wa ulimi wa mtoto. Mwenye akili zake angekitupa. Yeye alishukuru.

Na alikuwa na somo moja alilojivunia kuliko yote. "Brashi ikitawanyika nywele, usiikate. Ilambe! Mate ndiyo kitana chake." Wanafunzi wote watano walilamba. Aliyelamba kwa bidii ni kitindamimba wake, binti wa miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyeuchora ule mdomo kwa rangi ile.

Jumamosi ya nne binti hakupaka chochote. Alichovya, akalamba, akachovya, akalamba.

"Wewe, hiyo si uji," mshonaji aliyeketi kando yake alimtania. Kisha akashusha sauti. "Mwalimu... hebu mtazame meno."

Kati ya meno ya binti ulining'inia unywele mweupe, na brashi zote mle ndani zilikuwa za nywele nyeusi. Fundi Saa akaushika kwa ncha za vidole, akauvuta taratibu kama anavyovuta springi ya saa, ukaja, ukazidi kuja, umepakwa ute wa kijivu unaonuka yai viza, ukafika magotini mwa mtoto na bado haujaisha, na kila alipovuta, ule mdomo wa pichani ulifyonza, fyoo, fyoo, kama mtu anayenyonya uboho kwenye mfupa, hadi mshonaji akatapika juu ya magazeti na wenzake wakakanyagana mlangoni.

"Baba," binti alinong'ona, "anasema bado ana njaa."

Wiki hiyo mtoto hakumeza chakula chochote. Mashavu yake yalibonyea. Mdomo wa pichani ukanenepa. Mkewe akamleta mganga, mama wa makamo mwenye miwani, ambaye alivuta pumzi moja tu sebuleni akaziba pua.

"Nani alimfundisha kulamba?"

Fundi Saa alitazama vidole vya miguu yake. Leo mzaha haukumjia. "Mimi, mama."

"Basi lililoingia kwa ulimi litatoka kwa ulimi. Uilambe picha mpaka kitambaa chake kiwe cheupe. Na usiteme. Ukitema, jini wa rangi hii anarudi kwa mtoto."

"Baba watoto, utaweza?" mkewe aliuliza, amemkumbatia binti.

Akatoa ulimi. Rangi ilikuwa na joto, nzito kama makamasi, yenye vitonge vilivyopasuka kwenye fizi na kumwaga kitu kama usaha, na alipofika katikati ya midomo ile kikatoka kiulimi kingine, laini, baridi, kikaupapasa wa kwake, kikauzunguka, kikateleza kooni kizimakizima huku machozi yakimtiririka hadi mdomoni, naye akameza, akameza tena, maana nyuma yake alisikia mtoto akikohoa.

"Mama," binti alisema kwa sauti yake mwenyewe, "nataka mkate."

Mkewe akaangua kilio cha furaha, akakimbilia jikoni na binti mgongoni.

"Imekwisha," mganga alisema. "Nenda ukasukutue."

Fundi Saa hakuinuka. Kitambaa kilikuwa cheupe pee, naye aliendelea kukilamba, mate yakimchuruzika kidevuni. Mganga akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea mlangoni.

"Mama watoto!" Fundi Saa aliita kwa upole. "Mwache ale polepole. Akimaliza, sahani usiioshe. Niletee mimi. Na vidole vyake pia."