Barua Zilizogongwa Muhuri Kabla ya Jina

Karani wa ofisi ya mtaa alichemsha chai, akawavisha watoto sare, akachukua mkoba wake. Mumewe, fundi viatu, alimtania kama kawaida.

"Nisalimie foleni yako."

Foleni ile haikuwa ya mchezo. Zamani ofisi ilikuwa na makarani watatu. Mmoja alistaafu, mwingine akahamishwa, na nafasi zao hazikujazwa. Karani akabaki peke yake. Yeye ndiye aliyepokea watu, akaandika barua, akatunza daftari na ufunguo wa droo.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa vikao. Kiti chake kilipata joto Jumatatu asubuhi tu. Siku hiyo alitia sahihi na kugonga muhuri rundo zima la barua za utambulisho, kabla hazijaandikwa jina la mtu.

"Utajaza mwenyewe," alisema. "Wananchi wasisubiri."

Na kweli hawakusubiri. Kila mtu aliusifu utaratibu huo.

Alhamisi moja karani alienda msalani, akausahau ufunguo kwenye droo. Dakika tano, basi. Aliporudi, alikuta droo iko wazi. Rundo la barua lilikuwa limepungua. Au halikupungua? Hakujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzihesabu.

Barua ile huthibitisha kwamba nyumba fulani ni ya mtu fulani. Mwenye barua tupu angeweza kujiandikia nyumba ya mwenzake. Na ufunguo wa droo ulikuwa wa nani? Wake. Karani aliiona kazi imekwenda na maji. Aliuona mlango wa jela.

Nyumbani hakugusa chakula.

"Unaumwa?" mumewe aliuliza.

"Siumwi. Nimekwisha."

Alimweleza kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Mumewe naye aliogopa. "Nyamaza tu," alisema. "Huenda hazikupungua."

Lakini hakuweza kunyamaza. Jioni hiyo alikwenda kwa jirani, bibi mmoja mstaafu. Watu walimwita Mama Masjala, kwa kuwa alisimamia mafaili ya serikali miaka thelathini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona midomo imekukauka?"

Karani alisimulia yote. Mama Masjala hakumkemea.

"Zimepotea ngapi?"

"Sijui, mama."

"Hapo ndipo penye ugonjwa. Karatasi tupu haigongwi muhuri, hata kama foleni imefika barabarani. Kila barua iwe na namba, na namba iandikwe daftarini. Anayeandika barua asiwe ndiye anayegonga muhuri. Na mkuu alipitie daftari kila Ijumaa kwa macho yake, si kwa simu."

"Lakini niko peke yangu."

"Basi mwambie hivyo hivyo. Ukiwa peke yako, nani atakuona ukikosea? Kesho asubuhi mweleze, kabla hujafungua dirisha."

Kesho yake karani alimpigia mkuu simu aje kabla ya kikao, akasimama mbele ya meza yake. Mkuu alisikiliza hadi mwisho.

"Sahihi ni yangu," alisema. Akamkazia macho. "Afadhali nikuondoe, nitafute karani mwingine."

"Ukiniondoa, mkuu, atakayekuja naye atakuwa peke yake."

Mkuu akainua simu, akaiambia ofisi ya ardhi isipokee barua yao yoyote isiyo na namba. Barua tupu zilizobaki walizichana pamoja. Aliandika makao makuu kuomba karani wa pili. Wakati wakisubiri, aliazima karani mmoja kutoka idara ya maji. Muhuri akaufungia ofisini kwake, na vikao vya asubuhi akavipunguza.

Foleni ikawa ndefu, na watu wakanung'unika. Karani hakujali manung'uniko. Alichoogopa ni simu. Kila ilipolia, aliacha kalamu na kuidaka.

Wiki ya tatu ililia kutoka ofisi ya ardhi. Mwanamume mmoja alikuwa amepeleka barua akitaka nyumba ya marehemu kaka yake iandikwe jina lake. Barua ilikuwa na muhuri na sahihi, lakini haikuwa na namba. Walimkatalia, wakawaita polisi.

Siku iliyofuata mjane wa marehemu alifika dirishani. Karani wa pili aliandika barua yake. Karani wa kwanza alihakiki jina na namba ya nyumba. Mkuu aliisoma yote, ndipo akagonga muhuri mbele ya mwenyewe.

Mjane aliutazama ule muhuri.

"Ile ya shemeji yangu nayo ilikuwa na muhuri huu huu," alisema. "Wasingeuliza namba, leo ningelala wapi na wanangu?"

Mkuu aliinamisha kichwa. Karani akasogeza daftari na kumwonyesha mama yule mahali pa kutia sahihi, mbele ya namba sitini na mbili.