Kinga ya kura ya Bilal

Apa kwanza: hii mambo usiambie muntu, ata bwana yako. Shafi anauzishaka makala ya kupikia, anaibeba na kinga yake, baiskeli ya kukanyaga. Ku mulima ya Karavia, benzake ba makala ndio banamusukumaka ku mugongo. Jirani yake Bilal akajipatia kinga ya kura, ile ya umeme na batterie, anamupita pale anapiga miluzi, bila jasho ata moja. Wivu ikamukula Shafi.

Magaribi moja, kura imekatika, kartie yote giza, Bilal iko mu sala. Shafi, na chemise yake nyeupe, akaibeba ile kinga. Ku mulima ikapanda bila kukanyaga. Haina sauti, ila pumzi ya muntu nyuma yake. Kule juu, telefone yake ikalia, ni Bilal.

"We mwizi, kanyaga tu. Batterie iko huku mu nyumba yangu."

Ni Zabibu, bibi mwenye Shafi alioa, alinielezea. Anafula ile chemise tangu juzi. Ku mugongo, alama ya mikono mbili ya makala haitoki.