Mkono Ulikwenda, Pumzi Haikwenda

“Siku bendi itakapofika kwetu Misima, usipige.”

Mbaruku alikuwa ameketi kwenye gogo nyuma ya ghala la mazoezi, pale Korogwe, akimwaga mate yaliyokusanyika ndani ya tromboni yake. Mkono ukasimama.

“Nani kakwambia tunakuja kwenu?”

“Wanawake wa kisimani wanajua, wewe wa bendi hujui? Malori yanakuja kutuhamishia kijiji kipya barabarani, na ninyi mnakuja mbele ya malori. Baba amesema, atakayepuliza nyumba yake ikiezuliwa, asikanyage tena kwake kuuliza habari za binti.”

“Mwaija, si baba yako huyohuyo aliyesema bila ajira ya kudumu hanipi mke?”

“Ndiye.”

“Alimwambiaje mshenga wangu? Hebu rudia.”

Mwaija akacheka, japo hakupenda. “‘Mtu wa kupuliza atamlisha nini mwanangu? Pumzi?’”

“Basi. Ajira yenyewe ndiyo safari hii. Nikiimaliza salama, bwana Matayo anapeleka jina langu wilayani. Nikitega siku moja tu, tromboni anapewa mwingine. Amekwisha sema.”

“Jifanye mgonjwa.”

“Mwenzangu wa tromboni anaumwa kweli, yuko hoi kitandani. Nimebaki peke yangu. Na mimi nikiugua, nani ataamini?”

Mwaija alijua taabu yake. Kijana huyu alikuwa amesota. Bwana Matayo, Msambaa wa Dindira aliyekulia kwenye tarumbeta za kanisani, hampi mtu chombo mara moja. Kwanza alimfundisha Mbaruku kutetemesha midomo mitupu mpaka ikavimba, wenzake wakamwita nyuki. Ndipo akampa tromboni, na tromboni haina vitufe wala alama. Mkono unavuta bomba na kurudisha, sikio ndilo linaloambia mkono usimame wapi. Kila Mwaija alipokuja kwa shangazi yake, mtaa wa Manundu, alijificha kwenye mkonge akamsikiliza akikosea, akirudia, akikosea tena. Mwisho alimjua kwa sauti. Wangepiga watu mia, yeye angesema, yule pale ni wangu.

“Kwa hiyo utapiga?” akauliza.

“Nikipiga, nakukosa. Nisipopiga, nakosa kazi, na nikikosa kazi nakukosa. Niambie wewe, Mwaija. Nipite wapi?”

“Usipige,” akasema tena, kwa sababu hakuwa na neno lingine.

*

Malori yalifika asubuhi, mwaka huo wa sabini na nne, jua halijawa kali. Mzee Mhina alitoa mkeka wake, akautandika mbele ya mlango, akaketi.

“Baba, twende tukatoe vyungu,” Mwaija akambembeleza.

“Toeni. Mimi natazama.”

“Unatazama nini, baba Mwaija?” mkewe, jina lake Mashavu, akamuuliza huku akifunga kuku miguu. “Nyasi zitashuka, utazame usitazame.”

“Namtazama mkweo.”

Bendi ikajipanga uwanjani. Ngoma kubwa, tarumbeta, na pembeni Mbaruku na lile bomba lake la shaba. Bwana Matayo akainua fimbo. Vijana wa operesheni ya vijiji wakapanda juu ya paa.

Muziki ukalipuka. Watoto wa jirani wakaanza kuruka, maana mtoto hajui msiba wenye ngoma. Mwaija alisimama na chungu kichwani, macho kwa Mbaruku. Akaona mkono wake unavuta bomba, unarudisha, unavuta.

Kisha akasikiliza.

Tarumbeta ziliita. Mahali ambapo tromboni huitikia, palikuwa kimya. Zikaita tena. Kimya. Mkono unakwenda na kurudi kwa mpango wake wote, lakini mashavu yamelala, na pumzi hakuna. Muziki ulikuwa kama kinywa kilichong'olewa meno ya chini.

“Hapigi,” Mwaija akanong'ona. “Mama, hapigi!”

“Nani?”

“Mbaruku! Anadanganya kwa mkono!”

“Nyamaza, baba yako asikusikie ukimtetea.”

Bwana Matayo naye alikuwa ameligundua pengo. Alimtupia Mbaruku jicho moja tu, fimbo ikaendelea kupiga hewa. Nyasi za mwisho zikashuka, nguzo zikabaki wazi kama mbavu.

Mkuu wa operesheni akapanda juu ya lori, akapiga makofi.

“Bendi, hongereni! Hasa huyu kijana wa tarumbeta la kuvuta. Mmemwona? Ndio vijana tunaowataka hawa!”

Mzee Mhina akasimama, akakunja mkeka wake. Alipompita Mbaruku hakumtazama. Alisema tu, taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

“Umepiga vizuri, bwana.”

“Baba, mimi sikupi—”

“Mkuu amekusifu. Mimi ni nani nisikusifu?”

*

Kule barabarani walipewa kiwanja kilichopigwa vigingi pande nne. Hakuna paa, hakuna jiko. Vyungu juani, kuku juani, mama Mashavu juani.

“Baba, nasema hakupiga.”

“Mwaija, mimi ni mzee, si kipofu. Mkono wake niliuona.”

“Mkono ndiyo. Sauti haikutoka!”

“Ngoma zile zote, wewe ukasikia kilichokosekana?”

“Nilisikia. Naijua sauti yake.”

“Unaijuaje?”

Mwaija akainamisha uso. Mama Mashavu akaingilia, “Mwache mtoto. Kwa umri wake wewe ulikijua mpaka kikohozi changu.”

Mzee hakucheka. Mbaruku alikuwa anakuja, tromboni begani, mkono mwingine umebeba mtungi alioukuta umesahaulika njiani.

“Shikamoo baba. Shikamoo mama.”

Mama akaitikia. Mzee Mhina akasema, “Weka mtungi, uende.”

“Baba, nisikilize. Sikupuliza hata mara moja. Nilivuta bomba ili wasijue.”

“Nani shahidi wako?”

Kelele ina mashahidi kijiji kizima. Kimya nani atakishuhudia? Mwaija alitaka kupiga yowe. Alimwomba mtu huyu asipige, mtu hakupiga, na sasa anafukuzwa kwa kupiga.

“Mwaija ananijua,” Mbaruku akasema mwisho.

“Mwaija anakutaka. Huo si ushahidi.”

Hapo bwana Matayo akatokea, anatembea kwa hasira, hata salamu aliitoa nusu.

“Mbaruku! Nipe tromboni.”

“Mwalimu...”

“Usiniite mwalimu! Nimekutoa midomo mitupu nikakufikisha hapa, leo unanichezea mkono kama mtoto na mwiko wa mamake? Mkuu haelewi muziki, ndiyo maana amekusifu. Mimi naelewa! Sauti haikutoka mwanzo hadi mwisho. Nimeongoza bendi yenye shimo katikati.”

Mwaija akamgeukia baba yake. Mzee Mhina alikuwa amekaza macho kwa Matayo.

“Sema tena, bwana. Hakupiga?”

“Hata pumzi moja, mzee wangu! Na kazi kwangu imekwisha.”

Mbaruku akaivua tromboni begani. Akalivuta bomba mara moja, akalifuta kwa kanzu yake, akalirudisha, akaitoa kwa mikono miwili. Matayo aliipokea, na hapo sauti ikamshuka.

“Ulikuwa na sikio, wewe. Lingekufikisha mbali.”

“Najua, mwalimu.”

“Ungeniambia...”

“Nilikwambia ni nyumba ya mkwe wangu. Ulisema bendi haina mkwe.”

Matayo akatazama chini, akaondoka. Mbaruku alibaki na mikono mitupu mbele yake, hajui aiweke wapi.

“Kwa hiyo hukupiga,” mzee akasema.

“Sikupiga, baba.”

“Na ajira huna.”

“Umesikia mwenyewe.”

Mwaija akapiga magoti kwenye vumbi. “Baba, nimemponza mimi. Nilimwambia asipige. Ukimfukuza na sasa, nifukuze na mimi.”

“Inuka. Nimfukuze kwenda wapi, na kutoka wapi?” Mzee Mhina akazungusha mkono kwenye kiwanja kitupu. “Kwetu bibi harusi hutolewa mlangoni kwa baba yake. Nikisema ndiyo leo, mwanangu nitamtolea wapi? Nionyeshe mlango.”

Mama Mashavu aligeuza uso, akajifanya anahesabu kuku.

Mbaruku akaokota jembe lililolala kati ya vyungu.

“Mashimo nitachimba, nguzo nitakata mimi, baba. Ukisimama mlango, nitamleta mshenga.”

Mzee akalitazama jembe. Kisha akasema, “Mlete.”

Mwaija alisikia neno hilo, neno alilolilia miezi yote, na furaha haikuja. Alikuwa anaitazama midomo ya Mbaruku, ilivyokuwa inatetemeka yenyewe bila chombo.

“Mlango uangalie wapi, baba?” Mbaruku akauliza, jembe limeinuliwa. “Kule Misima ulikuwa unaangalia mashariki.”

“Usiniulize mimi,” mzee akajibu, akaketi juu ya mkeka wake uliokunjwa. “Kawaulize waliopiga vigingi.”