Shibe ya Mwana

Saa ya kuona wagonjwa lifti ya hospitali ilijaa pomoni, na fundi wa kuchomelea vyuma akajipenyeza wa mwisho, shati lake la bluu limetobolewa na cheche kila mahali. Kiatu chake kikatua juu ya mguu wa mtaalamu wa lishe wa wodi ya wazee.

"Samahani dada! Nimekuumiza?"

"Umenimaliza," akajibu, lakini macho yanacheka. "Mbio zote hizo za wapi?"

"Kwa mama, wodi ya wazee."

"Kumbe! Huyo mgonjwa wangu. Kula hataki, ananitoa jasho."

Tangu siku ile sahani za mama zikaanza kurudi tupu. Dada wa lishe akaamini kumwona mwanawe ndiko kulikomrudishia hamu, akafurahi mpaka akajisahau. Alipaswa kumpima uzito kila wiki. Akaona ya nini, na sahani imekombwa hivi? Muda wa mizani ukawa wa simu na fundi, maana walikuwa wameshapendana.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimeshiba mpaka basi, Dada Lishe wangu."

"Nani kakulisha? Nitamng'oa nywele!"

"Zenyewe mvi tupu, laazizi. Tulia."

Alicheka, asiulize zaidi. Mama mwenyewe alikuwa keshaanza kumwita mkwe.

Mchana mmoja dada aliwahi kufika wodini, akavuta pazia la kitanda. Mama alikuwa ameshika kijiko kwa mkono mwembamba, anamlisha fundi chakula cha wodi.

"Kula baba, umetoka kazini na njaa. Mimi nimeshashiba."

Na fundi, pande la mtu, anafungua kinywa.

"Unakula chakula cha mgonjwa!" dada akapiga kelele. Wodi nzima ikageuka.

"Nikikataa analia! Na wewe si ulisema anaendelea vizuri?"

Hilo lilimchoma dada, maana kweli alikuwa amesema hivyo. Siku hiyohiyo akampandisha mama kwenye mizani, akaona jinsi alivyokwisha. Wakampa maziwa, supu na mayai laini, wakipokezana kijiko bila kusemezana. Lakini nimonia ikamkuta mama hana nguvu hata ya kukohoa. Akafariki.

Baada ya mazishi fundi alipiga simu. Dada akaipokea kwenye ngazi za hospitali.

"Laazizi," akasema fundi, "sikulaumu."

"Nilaumu tu. Nilikuwa nakuwaza wewe badala ya kumpima yeye."

"Nilitaka kukuoa. Mama alisharidhia."

"Basi nioe. Tutalia pamoja."



"Nikisikia sauti yako, narudi pale kitandani, nimeshiba na mama ana njaa. Siwezi. Nakupenda na siwezi."

Dada alimsikia anavyohema, akajua fundi hatathubutu kuaga, watakaa hivyo mpaka giza liingie.

"Pole, mpenzi wangu," akasema. Akakata simu yeye, ili fundi asibebe na hilo pia.