Meza Haifutwi Mpaka Dereva Afike

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na wenzake walimwita Kobe. Walimtania kwamba hata baiskeli za mizigo zinampita kwa dharau. Yeye alicheka tu na kusema, "Kobe hufika." Mkewe tulimwita Mama Utingo, kwa sababu binti yao mdogo alijitangaza mwenyewe kuwa ndiye utingo, msaidizi wa baba yake kwenye lori. Kila safari ilipoisha, mtoto alisubiri njia panda, kwenye kituo cha mafuta, apandishwe ndani ya lori na kupiga honi mpaka getini.

Kobe hakuwasha injini kabla hajaipanga safari, na aliipangia kwenye meza ya chakula. Bakuli lililofunikwa lilikuwa mlima, aliotaka kuushuka asubuhi kabla jua halijachemsha breki. Glasi ilikuwa mizani ya kupimia malori, ambako alitaka kuwahi foleni. Kiberiti kilikuwa yadi yenye mlinzi, mahali pa kulala, maana usiku haendeshi hata umpe dunia. Kijiko kilikuwa daraja la mto, na kifuniko cha soda kilikuwa lori lenyewe. Akimaliza, aliwapigia simu madereva waliokuwa wakirudi kutoka kule aendako. "Njia inasemaje?" Kisha alimwachia mkewe meza, na kila alipopiga simu kutoka barabarani, Mama Utingo alisogeza kifuniko. Sharti lilikuwa moja tu: meza haifutwi mpaka mwenye safari afike. Siku hizo mama na mwana walikula sakafuni.

Safari ile ya mwisho, mtoto alikuja na kifungo kilichokatika kwenye sweta lake la shule. Akakiweka njia panda, ukingoni mwa meza. "Hiki ni mimi."

"Lete nikishone," mama yake akasema.

"Sitaki! Atakishona baba."

Kobe alikuwa akishona turubai la lori lake mwenyewe, kwa uzi mnene, mafundo mawili, kisha anaukata kwa meno. Akacheka. "Nikirudi nakishona, utingo wangu. Na ukikua, safari tunakwenda wote."

Njia ilisema ni shwari. Mvua ikasema vingine. Mto ulilibeba daraja, Kobe akiwa juu yake, anarudi nyumbani.

Walimleta nyumbani. Mama Utingo aliuona uso wake kabla haujafunikwa, na tukamzika mchana kweupe, sote tukiwepo. Wageni walipotawanyika, mama yake Kobe, aliyebaki kumliwaza mkwewe, alishika kitambaa afute meza. Mama Utingo akamzuia mkono.

"Bado hajafika, mama."

"Mwanangu, safari yake imekwisha."

"Bado."

Bibi alikiacha kitambaa. Ataanzia wapi kubishana na uchungu kama ule, na yeye ana wake?

Siku moja Mama Utingo alirudi kutoka kazini, akakuta kifuniko kimehama. Kilikuwa mwanzo wa safari ya kurudi, upande wa pili wa meza. Akadhani ni mtoto. Kesho yake kilikuwa nyuma ya bakuli. Kisha kwenye mizani. Kisha kwenye kiberiti. Kisha kikafika kwenye kijiko, kikasimama. Siku iliyofuata kilikuwa kimerudi mwanzo, na safari ikaanza upya. Mlima, mizani, yadi, daraja. Mlima, mizani, yadi, daraja. Na kila kilipofika kwenye kijiko, meza ilikuwa na maji.

Hakuogopa. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Alilia kwa huruma. Mume wake alikuwa barabarani peke yake, anakuja, anakwama, anarudi, na hakuna dereva wa kumwambia njia inasemaje. Akakumbuka barabara ya zamani, ile ndefu inayozunguka mto, ambayo Kobe aliwahi kumsimulia. Akakiondoa kijiko. Akachomoa kamba ya kiatu, akailaza mezani kuanzia kwenye kiberiti mpaka njia panda.

"Pita huku, baba," alinong'ona. "Polepole tu."

Bibi alipoiona ile kamba, alikaa chini.

"Umemfungulia njia?"

"Aje tu, mama. Nimechoka kumngoja."

"Mimi nimemzaa, nampenda kukushinda." Bibi alishusha sauti. "Lakini aliyetoka huko harudi bure. Kuna kitu anafuata."

Jioni mbili Mama Utingo hakula. Kifuniko kilikuwa kikitambaa juu ya kamba.

Alasiri ya tatu, mvua ikinyesha na jua bado likiwaka, aliingia ndani akatazama meza. Kifuniko kilikuwa njia panda. Kilikuwa kimegusana na kifungo.

"Mtoto yuko wapi?"

Bibi alikuwa amesinzia. Mama Utingo alitoka mbio. Binti yake alikuwa getini, amevaa sweta na viatu, mkono kwenye komeo.

"Mama, hujasikia honi? Baba huyo!"

Barabara ilikuwa tupu.

Alimbeba. Akafunga mlango. Akasukuma kochi mlangoni. Harufu ya dizeli ikaingia, na ya tope la mto. Nje, breki za upepo zikapumua. Psss. Mlango wa lori. Hatua. Hatua zenye maji. Zikasimama kizingitini.

"Mama Utingo." Ilikuwa sauti yake, ile ile. "Nimefika."

Bibi aliziba mdomo kwa kanga. Mama Utingo alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika.

"Nipe mtoto kidogo. Nilimwahidi."

Safari tunakwenda wote. Hayo ndiyo maneno yaliyomjia. Alitazama mlango ambao angeufungua kwa meno siku yoyote nyingine. Akachukua kitambaa. Bakuli likaanguka, glasi ikapasuka, kifuniko kikabingirika chini ya kabati. Alifuta meza yote, machozi yakidondoka pale pale anapofuta.

"Umefika, baba. Safari imekwisha. Huyu sikupi. Nenda."

"Haya, mke wangu," sauti ikasema, kwa upole, kama alivyozoea kukubali aliposhindwa hoja. Kisha injini ikanguruma, ikaondoka polepole, polepole kuliko lori lolote lililowahi kupita mtaani kwetu.

Walilala kitanda kimoja wote watatu, mtoto katikati. Sweta lilikuwa kwenye mgongo wa kiti, pale pale Mama Utingo alipolianika. Kabla ya kulala alikuwa ameokota kila kitu kilichoanguka, na kifungo hakukiona.

Asubuhi mtoto alitangulia kuamka. Alikuja chumbani amevaa sweta, limefungwa mpaka shingoni. Kifungo kilikuwa mahali pake. Uzi mnene wa turubai. Mafundo mawili. Ncha imekatwa kwa meno.

"Nilikwambia atakishona baba," mtoto akasema.

Mama Utingo alipiga magoti, akakishika kile kifungo, akalia kilio ambacho siku ya maziko hakukilia. Sisi majirani tulikimbilia kule tukidhani kuna msiba wa pili. Alikuwa akirudia neno moja tu: "Nimemfukuza. Nimemfukuza."

Mtoto amekua, sweta halimtoshi tena, na mama yake amelitundika ukutani juu ya ile meza. Nimelishika kwa mkono wangu. Sufu yote imekauka, ila ule uzi. Ukiuminya, unatoa maji.