Msimbo wa Kisigino cha Bibi

Kila akitoka shuleni, Renelle alipitia nyumba ya kutunzia wazee iliyokuwa mtaani kwao, jijini Toledo. Bibi yake, Ernestine, alikuwa amelazwa humo tangu avunjike nyonga. Renelle alimpaka mafuta mikononi, akamsimulia vituko vya darasani, kisha akamsubiri mama yake, Darlene, aliyefanya kazi ofisi ya chini ya jengo hilohilo. Kila tiba iliyotolewa ghorofani, mama ndiye aliyeiandikia msimbo, yaani namba ambayo watu wa bima huitazama kabla ya kulipa.

Ijumaa moja Nesi Yolanda alikuja na kifaa kipya, akakigusisha kwenye visigino vya Bibi. Kilipima unyevu ulio chini ya ngozi ili kidonda cha kulalia, kiletwacho na kulala muda mrefu bila kugeuka, kijulikane kabla hakijachomoza. Renelle alikikagua kisigino cha kushoto asione kitu. Kifaa kilionyesha hatari.

"Tulifundishwa kutafuta wekundu," nesi alisema. "Kwenye ngozi nyeusi kama yetu, wekundu gani utauona?"

Bibi aliguna. "Baba yangu, madaktari walisema hana kitu, mpaka mfupa wa kisigino ukachungulia. Mimi sijasahau."

Jioni hiyohiyo meneja, Bwana Prescott, alitangaza kwamba kifaa kitafungiwa kabatini. Msimbo wake ulikuwa wa muda, yaani wa majaribio kabla ya kukubaliwa rasmi, na bima walikuwa wamekataa kuulipia. Renelle alishuka ngazi damu ikimchemka, akamshauri mama aandike badala yake msimbo wa ultrasaundi, ambao hulipwa bila maswali.

"Nani atajua?" aliuliza.

"Kaa chini, mwanangu," mama alisema. "Msimbo wa muda huishi ukitumiwa. Tukiuacha kwa sababu haulipi, miaka ikipita wataufuta, halafu waseme hakuna aliyeuhitaji. Nikiandika uongo, nitakuwa nimewashikia kifutio."

Renelle aliona haya, lakini hasira haikumtoka. Basi akaipa kazi. Mama alimsihi meneja akiache kifaa kwa Bibi tu hadi jibu la rufaa, naye akakubali; kisha mama akawaandikia bima upya: msimbo uleule wa kweli, vipimo vya kisigino, na maelezo ya kwa nini macho peke yake hayatoshi. Renelle naye alijifunza kwa nesi kuweka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie bila kugusa godoro. Bibi akiteleza, alimwita nesi. Bibi akinung'unika, hakumsikiliza.

"Nimezaa binti, binti kanizalia askari jela," Bibi alilalamika.

"Jela yenye mto laini, Bibi. Tulia."

Vipimo vilianza kushuka, na ngozi haikuchanika. Hatimaye bima walijibu kwamba watalipia vipimo vya Bibi. Bwana Prescott aliuliza, je, na wagonjwa wengine?

"Nitawaandikia hivyohivyo, mmoja mmoja," mama alijibu. Meneja alimtazama, akamkabidhi Nesi Yolanda kile kifaa aanze kuwapima wote wasioweza kujigeuza.

Siku hiyo Bibi alimvuta mjukuu wake karibu. "Hasira yako ni ya haki," alimwambia. "Ila hasira ikisema uongo mara moja tu, umewapa sababu ya kutokusikiliza tena. Sema kweli, uirudie, mpaka wachoke wao."