Mlamba Risasi

Mwenye chakula mbele yake amalize kwanza, kwa sababu haya ni mambo ya mate.

Isa, mzaliwa wa Mombasa, alifanya kazi ughaibuni, kwenye karakana moja mjini Burnsville iliyouza magobore mapya yaliyoiga bunduki za kijeshi za zamani, zile za kumimina baruti kwa mbele na kushindilia kwa mdeki, yaani ufito wa chuma. Kazi yake ilikuwa kuijua kila bunduki inapenda nini. Baruti ikizidi, risasi hutawanyika, ikipungua, hazifiki. Risasi yenyewe lazima iwe nyembamba kidogo tu kuliko mtutu, ishuke kwa kusukumwa taratibu. Ikiteleza yenyewe mpaka chini, hiyo ni ya kutupa.

Tena hupakwa mafuta, masizi yasigande ndani. Karakana ilitumia mafuta ya nguruwe, na Isa hakutaka hata kuyanusa. Akaomba ruhusa atengeneze yake. Alinunua shahamu na mifupa ya mbuzi wa halali, akaiyeyusha nyumbani kwake Inver Grove Heights, akachanganya na nta ya nyuki. Mkewe Ummulkheir, aliyekuwa na mtoto mchanga aitwaye Badawy, alilalamika kwamba mapazia yanuka beberu. Isa alicheka, akaendelea kukoroga.

Asubuhi moja alikuta risasi alizozipaka jana zikiwa tupu kwenye trei. Hazikuwa kavu. Zilikuwa na ute mzito, wa kuvutika, na baada ya kuushika alijipangusa kwenye suruali bila kufikiri, kisha akatamani kuivua palepale.

"Panya," alisema.

Onesphore, mwenzake wa kazi kutoka Bukavu, aliinama akaziangalia bila kuzigusa. "Isa, panya inaachaka alama ya meno," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa hakuna meno. Hii kitu imelamba."

Tangu siku hiyo hakuna bunduki iliyolenga. Isa alipunguza baruti, akaongeza, akabadilisha kalibu ya kumiminia risasi, lakini matundu yalitapakaa karatasi nzima ya shabaha. Alipozipima risasi akaona zimekonda. Kitu kilikuwa kikila mafuta, na mafuta yakiisha kinaendelea kulamba madini.

Nyumbani, Ummulkheir alikuwa akimkanda mtoto kwa mafuta ya nazi kila akimwogesha, kama alivyokandwa yeye. Mchana mmoja alimfunua kutoka usingizini, akamkuta hana tone la mafuta mwilini. Mapaja yalikuwa mekundu kama yaliyosuguliwa kwa msasa, na kwenye mikunjo ya shingo mlikuwa na ute. Alitapika kabla ya kumnyanyua.

"Yuwanyonya vizuri, lakini yuwapungua," alimwambia Isa jioni, akinong'ona kana kwamba kuna mgeni sebuleni. "Nesi ameshampima mara mbili. Akipungua tena atalazwa. Isa, wewe umeniletea nini humu ndani?"

Isa aliitazama ile suruali kwenye kapu la nguo chafu.

Wakampeleka mtoto Maple Grove kwa Bi Fatimah, mwanamke wa Kisauni aliyejulikana kwa kuwasomea na kuwafukiza wenye majini. Alisikiliza habari ya mafuta yote mawili, akamnusa mtoto utosini, akakunja uso.

"Mbuzi huyo alichinjwa kwa bismillahi?"

"Ndiyo, bi. Nayeyusha na mifupa yake."

"Mifupa iliyosomewa ni chakula cha majini, Isa. Umewapikia, mmoja amekaa mezani. Tena huyu ni Mwislamu, kwa hivyo nikimsomea aitikia amina." Alifuta mikono kwa leso. "Kitu kimoja tu hatakigusa. Rudisha yale mafuta ya karakana. Kwenye risasi, na kwa mtoto pia."

"Nimpake mwanangu nguruwe?" Ummulkheir aliuliza.

"Mpake. Nami nachefukwa kama wewe."

Isa akabeba kopo moja la mafuta hayo kutoka karakanani mpaka nyumbani, ndani ya mifuko miwili. Ummulkheir alivaa glavu, akageuza uso, akampaka Badawy kuanzia utosini mpaka nyayo huku akilia na kuomba msamaha, na mafuta yale meupe yakayeyuka kwa joto la mtoto yakaingia vidoleni mwake, masikioni, chini ya kidevu pale anapopenda kumbusu, na yeye hakuweza kumbusu. Inatia kinyaa kusimulia. Lakini ute haukuonekana tena. Mtoto alinenepa, nesi akafurahi. Karakanani bunduki zikaanza kulenga, na Isa akazoea glavu.

Majani yalipoanza kupukutika, mteja mmoja alileta gobore la kujaribiwa. Isa alimimina baruti kidogo, akatia risasi mdomoni mwa mtutu, akanyoosha mkono kwa Onesphore ampe mdeki. Kabla hajaushika alisikia risasi ikishuka yenyewe, ikikwaruza chuma taratibu, ikagonga chini.

Akavua glavu, akapiga simu nyumbani.

"Amelala," Ummulkheir alisema kwa sauti ya chini. "Kwa nini wauliza? Nimempaka tangu asubuhi."

"Mfunue."

Akasikia shuka ikivutwa. Kisha akasikia pumzi za mkewe, na nyuma yake sauti ndogo ya majimaji, kama paka anayekunywa maziwa, na wao hawakuwa na paka.

"Isa," alisema, "amekauka."

Onesphore alikuwa amefungua kopo la mafuta ya nguruwe la karakana. Lilikuwa limelambwa mpaka kwenye bati, na bati limekonda. Njaa ilikuwa imemtoa yule jini kwenye dini.